Ujumbe Umetumwa, Lakini Umefika? Maktaba za Arifa na API Zikitazamwa kutoka Kpandroma

Tarehe 12 Juni 2020 msichana wa miaka 12 alifikishwa kwenye kituo kimoja cha afya katika zoni ya afya ya Rethy, mkoani Ituri. Alikuwa na homa, kichwa kinamuuma, anakohoa, na tezi imevimba. Alifariki siku hiyohiyo. Kufikia tarehe 15 Julai zoni hiyo ilikuwa imeandikisha wagonjwa 45 wa tauni, na 9 kati yao walikuwa wamekufa. Kpandroma, kituo cha biashara cha sekta ya Walendu-Pitsi katika teritwari ya Djugu, kiko jirani na Rethy. Habari ya mgonjwa wa huko hupanda ngazi kwa ngazi: mhamasishaji wa kijiji humwambia muuguzi mkuu wa kituo, muuguzi huarifu ofisi ya zoni, zoni huarifu Bunia, Bunia huarifu Kinshasa.

Tauni haisubiri ngazi hizo zipandwe taratibu. Ile ya mitoki isipotibiwa huua watu 30 hadi 60 katika kila wagonjwa 100, na ile ya mapafu isipotibiwa mapema haimwachi karibu mtu yeyote. Dawa ipo, tena ya kawaida, mradi ianzwe mapema. Na mara nyingi panya hutangulia kufa. Kwa hiyo tahadhari yenye thamani kuliko zote ni ya yule mama aliyekuta panya wanne wamelala chini ya kihenge na akajua wa kumwambia.

Sasa mpe kijana aliyesomea infomatiki Bunia kazi ya kutengeneza mfumo wa kupokea na kusambaza tahadhari kama hiyo. Kesho yake atakuonyesha kitu kinachofanya kazi. Atachukua maktaba ya programu iliyokwisha kuandikwa na wengine, ataiambia imtumie mtu fulani maneno fulani, na mistari mitatu ya msimbo itatosha. Simu iliyo mezani pake italia. Wote waliomo chumbani watapiga makofi.

Simu ile iko mezani, hatua mbili kutoka kwa seva, na mji una rezo ya simu. Maswali yangu yanaanzia hapo. Maktaba hizi za kutuma arifa na za kuunganisha programu na huduma za mtandaoni zinatufanyia nini hasa, na zinatuachia nini? Jibu langu, ambalo nitalitetea hapa chini, ni kwamba zinajua sana kukabidhi ujumbe kwa mtu wa kati, na hapo ndipo kazi yao inapoishia. Mjini sehemu inayobaki ni fupi mno, huwezi kuiona. Kutoka Bunia kwenda vijiji vya Kpandroma, sehemu inayobaki ndiyo karibu safari yote.

Tuweke msingi haraka kwa msomaji ambaye si mtu wa kompyuta. API ni utaratibu uliotangazwa ambao programu moja hufuata ili kuomba kitu kwa programu nyingine: anwani gani, maneno gani, ufunguo gani wa siri, na majibu yatakuwa na sura gani. Maktaba ni msimbo ulioandikwa mara moja ili wengine wasirudie kazi hiyo. Katika lugha ya Python, maktaba iitwayo requests, aliyoianzisha Kenneth Reitz mwaka 2011, ndiyo imekuwa mkono wa kawaida wa kugusa API yoyote ile. Juu yake wengine wamejenga maktaba za arifa tupu. Apprise, kazi ya Chris Caron, inajua kuzungumza na huduma zaidi ya 100, kuanzia barua pepe na Telegram hadi SMS, na kila huduma unaitaja kwa anwani moja fupi. Ni kazi nzuri sana ya ufundi. Lakini inamsaidia zaidi mtu mwenye njia kumi anayetafuta jinsi ya kuzitumia zote kwa urahisi. Muuguzi wa kijijini ana njia mbili, na mojawapo inategemea jua la kuchaji betri.

Chunguza Apprise inarudisha nini baada ya kutuma. Inarudisha neno moja: kweli, au si kweli. Kweli hapo ina maana kwamba huduma ya upande wa pili imeupokea ujumbe bila kulalamika. Haisemi lolote kuhusu simu ya mtu. Hata katika HTTP yenyewe, kanuni za mawasiliano ya wavuti, kuna jibu namba 202, ambalo maana yake ni kwamba ombi limepokelewa na litashughulikiwa baadaye, bila ahadi ya matokeo. Programu ngapi zinalisoma jibu hilo na kumwandikia mtumiaji kwa herufi za kijani kwamba ujumbe umefika?

Watu wa SMS wanaijua tofauti hii tangu zamani, kwa sababu wao hulipa. Africa's Talking ya Nairobi, ambayo API yake ndiyo shule ya kwanza kwa watengenezaji programu wengi wa Afrika Mashariki, inatofautisha hatua kwa majina: kuna ujumbe uliotoka kwake, kuna uliokabidhiwa kampuni ya simu, kuna uliowekwa foleni na kampuni hiyo, kuna uliokataliwa, na kuna uliofika kwenye simu yenyewe. Taarifa hii ya mwisho haiji pamoja na jibu la kwanza. Inakuja baadaye, dakika au saa kadhaa, kwenye anwani ya seva yako uliyoiandikisha. Mtengenezaji asiyekuwa na anwani hiyo, au aliyeiweka kwenye kompyuta inayozimwa jioni, hataipata. Maktaba haitamlaumu. Itaendelea kusema kweli, kweli, kweli.

Hapo ndipo ningemwambia yule kijana aanzie. Kabla ya kuuliza maktaba inatuma kwa njia ngapi, aulize inapokeaje risiti za kufika, inazihifadhi wapi, na nani ataarifiwa iwapo risiti haikuja ndani ya saa moja. Arifa ya pili, ile ya kusema kwamba arifa ya kwanza haikufika, ndiyo inayomfanya mtu apande pikipiki.

Ukiuliza kwa nini usiachane na SMS, utumie zile arifa zinazochomoza juu ya simu ya kisasa, jibu liko kwenye nyaraka za Google wenyewe. Huduma yao ya kusukuma arifa kwenye Android, Firebase Cloud Messaging, huhifadhi ujumbe kwa simu isiyo hewani hadi siku 28. Inaonekana ukarimu mkubwa. Lakini zikirundikana arifa zaidi ya 100 kwa programu moja kwenye simu moja, huduma hiyo huzifuta zote, kisha huiambia programu kwamba kuna vitu vimefutwa. Mtumiaji wa mjini hatafika 100 kamwe, kwa sababu data yake imewashwa usiku na mchana. Nyanda za juu za Djugu, ambako watu hununua furushi dogo la megabaiti, huliwasha kusoma WhatsApp na kulizima mara moja, programu yenye kelele nyingi inaweza kuvuka 100 katika wiki moja mbaya. Na wiki mbaya ndiyo wiki ya tahadhari.

WhatsApp yenyewe hubeba habari nyingi katika Ituri, kupitia makundi ya watu. Meta, kampuni inayoimiliki, ilipofungua API yake ya wingu kwa kila mtu mwaka 2022, wengi walidhani tatizo limekwisha. Lakini programu haiwezi kumwandikia mtu chochote inachotaka. Mtu asipokuwa amekuandikia ndani ya saa 24 zilizopita, unaruhusiwa kumtumia tu ujumbe wenye muundo ulioidhinishwa na Meta mapema. Mtu wa afya anayetaka kutumia njia hiyo lazima awe ameandika tahadhari yake ya tauni, ameipeleka ikakaguliwa na kuidhinishwa, kabla panya wa kwanza hajafa. Inawezekana, na ni busara kufanya hivyo. Ila hakuna maktaba itakayokukumbusha.

Turudi kwa SMS, na tuitazame moja kwa karibu. Chukua ujumbe huu: «Panya wamekufa wengi ng'ambo ya mto. Watoto wawili wana homa kali na mitoki. Tunaomba muuguzi aje leo.» Una herufi 102, ukihesabu na nafasi. SMS ya kawaida inabeba 160, hivyo unaingia wote. Lakini alfabeti hiyo ya simu ina orodha yake ya herufi, na kile kialama cha ng' kimo humo kikiwa kimesimama wima tu. Simu nyingi za kisasa na programu za kuandikia hukipinda zenyewe ili kipendeze. Kikipindwa, ujumbe mzima unahamia mfumo mwingine wa herufi ambao SMS moja hubeba 70 tu, na ujumbe uliogawanywa hubeba 67 kila kipande. Ujumbe wetu umekuwa SMS mbili, gharama maradufu, kwa ajili ya mkunjo mmoja ambao hakuna aliyeuona. Kifaransa cha ofisi kina mitego yake: fièvre linapita salama, hôpital halipiti, reçu halipiti. Ukituma kwa wahamasishaji mia tatu kila Jumatatu, bajeti ya mwaka imeliwa na vialama.

Kuna maktaba zinazosafisha herufi hizi kabla ya kutuma. Nyingi hazisafishi, kwa sababu aliyeziandika alikuwa akituma Kiingereza. Hili ni jambo dogo kurekebisha, mistari mitano ya msimbo, na ndilo ningelipima kwanza kwenye maktaba yoyote ninayopewa. Linanionyesha kama mwandishi wake amewahi kulipa bili ya SMS kwa lugha nyingine.

Jirani na hilo kuna namba za simu. Mahagi hauko mbali, na ng'ambo yake ni Uganda. Mfanyabiashara wa mpakani anaweza kuwa na laini mbili, moja ya Kongo inayoanza na +243 na nyingine ya Uganda inayoanza na +256, na zote ameziandika kwenye daftari la kituo kwa namna ya nyumbani, zikianza na sifuri. Maktaba ya Google ya kusoma namba za simu, inayotumiwa ndani ya programu nyingi, inahitaji kuambiwa nchi ya kudhania. Ukiiambia Kongo, namba ya Uganda itageuzwa kuwa namba ya Kongo isiyokuwepo. Mbaya zaidi ni programu isiyoikagua kama ni halali na kuituma hivyohivyo. Karani aliyefundishwa kuandika namba nzima, pamoja na msimbo wa nchi, ana faida kuliko maktaba tatu.

Sasa suala la kusubiri na kurudia, ambalo ndilo kiini cha ufundi wote huu. Maktaba ya requests, pamoja na sifa zake zote, haina kikomo cha kusubiri usipoiwekea mwenyewe. Ikiuliza na upande wa pili ukanyamaza bila kukata mawasiliano, itakaa hapo. Nyaraka zake zinakuonya waziwazi. Wengi hawasomi nyaraka. Kwenye mtandao wa nyuzi wa Ulaya mtu anaweza kuandika programu kwa mwaka mzima bila kugundua. Kwenye mnara mmoja unaoyumba kila mvua ikinyesha, programu inagandia kwenye ujumbe wa kwanza na arobaini zilizo nyuma yake zinakaa foleni, bila kosa lolote kuandikwa popote.

Ukishaweka kikomo, inabidi uamue kama utajaribu tena. Hapa maktaba iliyo chini ya requests, urllib3, imefanya uamuzi wa hekima ambao huwashangaza wageni: ukiiwekea utaratibu wa kurudia, yenyewe hairudii ombi la aina ya POST, yaani lile la kuumba kitu kipya, mpaka umeiruhusu kwa maneno. Ombi la kusoma halina madhara likirudiwa. Ombi la kutuma SMS likirudiwa, mtu atapata SMS mbili. Na ombi la kulipa?

M-Pesa iliingia Kongo kupitia Vodacom mwaka 2012, miaka 5 baada ya Kenya. Kampuni hiyo baadaye ilifungua API moja kwa masoko yake kadhaa, Tanzania na Kongo yakiwemo. Tuseme mradi wa afya unataka kuwalipa wahamasishaji posho yao kwa njia hiyo, kwa sababu kubeba fedha taslimu katika barabara za Djugu ni hatari. Programu inatuma ombi la malipo. Rezo inakatika. Je, malipo yalifika kabla ya kukatika au baada? Programu haijui, na hakuna njia ya kujua kwa kutazama upande wake peke yake. Walioijenga API hiyo walilifikiria: kila ombi linabeba namba ya muamala unayoitunga wewe, na kati ya majibu yake iko INS-9, muda umekwisha, na INS-10, muamala umejirudia. Ukirudia ombi kwa namba ileile, INS-10 inakuokoa. Lakini mtengenezaji aliyeandika msimbo wake ili utunge namba mpya kila unapojaribu, na nimekutana na msimbo wa namna hiyo si mara moja, amelitupa kufuli hilo. Mhamasishaji mmoja atalipwa mara tatu, mwenzake hatalipwa, na ugomvi utafika kwa muuguzi mkuu, mtu ambaye hajawahi kusikia neno API.

Kanuni ninayoifuata ni rahisi kuieleza: namba ya muamala, au ya ujumbe, iandikwe kwenye hifadhi ya mashine yenyewe kabla ombi halijatoka, na isibadilike hadi jibu la uhakika lipatikane. Kurudia kufanyike kwa vipindi vinavyorefuka, sekunde 30, dakika 1, dakika 2, dakika 4, ili mnara ukiamka usivamiwe na simu zote kwa pamoja. Kwenye Android kuna maktaba ya WorkManager inayofanya hivyo yenyewe, inasubiri mtandao urudi na haipotezi kazi hata simu ikizimwa. Ningeithamini hiyo kuliko njia mia moja za Apprise.

Haya yote hayakugunduliwa leo, na Afrika Mashariki imechangia sehemu kubwa ambayo haisimuliwi inavyostahili. Ushahidi, iliyozaliwa Kenya Januari 2008 katika machafuko ya baada ya uchaguzi, ilipelekwa Kongo mashariki Novemba mwaka huohuo. Tanzania ilitoa EnvayaSMS, programu ya bure iliyogeuza simu ya kawaida ya Android kuwa lango la SMS: simu inakaa mezani na laini yake ya mtaani, seva inaipa ujumbe, yenyewe inatuma kwa bei ya mtaani. Wazo hilo likazaa huduma ya Telerivet. Kwa mji ambao kampuni ya simu haitajisumbua kusaini mkataba wa lango rasmi na kituo cha afya, bado hiyo ndiyo njia ya vitendo, ikiwa na udhaifu wake: mtu akihamisha simu kwenda kupiga picha harusini, mfumo wa tahadhari wa zoni nzima umeenda harusini.

Rwanda ilitoa kikundi cha watengenezaji cha Nyaruka, ambacho pamoja na UNICEF kilijenga RapidPro, mfumo ulioanza kutumika 2014 na ambao U-Report, huduma ya kukusanya maoni ya vijana kwa ujumbe, imejengwa juu yake. Ndani ya RapidPro kuna sehemu iitwayo Courier, inayobeba ujumbe kwenda na kutoka. Msimbo wake uko wazi kwa kila mtu. Ufungue, utakuta faili baada ya faili, kila moja kwa mtoa huduma wake: Africa's Talking, Yo ya Uganda, Shaqodoon ya Somalia, Kannel, Telegram, na wengine kwa makumi. Ukisoma faili hizo unaona kila mmoja na tabia zake. Huyu anataka namba yenye alama ya kujumlisha, huyu haitaki. Huyu kosa analirudisha kwa jibu namba 200, kana kwamba mambo ni shwari, na kuandika neno la kukataa ndani ya maandishi. Maktaba ya namna hiyo ni ujuzi wa miaka wa watu waliohangaika na makampuni ya simu ya nchi zetu, na kwangu ina thamani kuliko mafunzo mengi yanayotolewa hotelini.

Lakini funzo kubwa zaidi kwa Ituri lilitoka mkoa wa Kivu Kusini, na halikuhusu msimbo. Kuanzia 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, Peter van der Windt na Macartan Humphreys, waliendesha mradi wa Voix des Kivus katika vijiji ambavyo hatimaye vilifika 18. Kila kijiji kilikuwa na watu watatu wenye simu: mmoja kutoka kwa chifu, mmoja kutoka kwa wanawake, na mmoja aliyechaguliwa na wanakijiji. Walipewa simu, vocha na chaja ya sola, na karatasi ya namba za mkato kwa matukio mbalimbali, ili mtu asilazimike kuandika sentensi nzima. Programu ya FrontlineSMS, kwenye kompyuta iliyounganishwa na simu, ilipokea na kupanga. Kiufundi mradi ulifanikiwa: ujumbe ulikuja, wiki baada ya wiki, kutoka sehemu ambazo gari halifiki. Kilichobaki wazi ni nani mwenye wajibu wa kujibu. Mwanakijiji aliyeandika kwamba wameshambuliwa alikuwa amesikika, na baada ya kusikika hakukuwa na mtu aliyelazimika kuja.

Hakuna API ya kumlazimisha mtu aje. Lakini muundo wa programu unaweza kuficha pengo hilo au kuliweka hadharani. Mfumo wenye hali mbili tu, umetumwa na haujatumwa, unalificha. Mfumo unaodai mtu mwenye jina aandike «nimepokea, nakwenda» na baadaye «nimefika», na unaoendelea kumpigia kelele msimamizi wake mpaka aandike, unalianika. Mifumo ya wahandisi wa mitambo ya kompyuta huko Ulaya na Marekani inafanya hivi kila usiku kwa seva zilizozimika: asipoitikia wa kwanza, anaamshwa wa pili. Msimbo wake upo, umejaribiwa. Sioni kwa nini seva ya duka la viatu iwe na utaratibu huo na mtoto mwenye mitoki asiwe nao.

Kuna pia hatari ambayo msimbo haukwepi. Baada ya uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018 serikali ya Kongo ilikata intaneti na SMS nchini, na zikarudi karibu siku 20 baadaye, Januari 2019. Wakati huohuo Ebola iliyokuwa imetangazwa tarehe 1 Agosti 2018 ilikuwa ikiwaka Kivu Kaskazini na Ituri. Ilikuja kuua watu 2,287 kabla ya kutangazwa kwisha Juni 2020. Foleni iliyohifadhiwa vizuri, kurudia kwa vipindi, namba za muamala, vyote hivyo vinasubiri tu mtandao urudi. Anayepanga mfumo kwa ajili ya Kpandroma na hakuweka nafasi ya redio ya foni, ile ambayo misheni na zoni za afya zimekuwa zikiitumia tangu kabla ya minara, ameacha shimo analolijua. Upande wa Uele, mtandao wa redio hizo ulioanzishwa kwa ajili ya tahadhari za waasi wa LRA ulionyesha namna ya kuunganisha vya kale na vya sasa: mwendeshaji anasikiliza vijiji kwa saa maalumu asubuhi na jioni, na anachosikia kinaingizwa kwenye ramani ya mtandaoni iliyozinduliwa mwaka 2011. Kati ya redio na API kuna binadamu mwenye kalamu. Hakuna aibu ndani yake.

Maktaba nazo hufa, jambo ambalo wafadhili hulisahau. Maktaba ya request ya mazingira ya Node (si ile requests ya Python), iliyokuwa ikipakuliwa mara mamilioni kwa wiki, ilitangazwa na mwenyewe kuwa haitaendelezwa tena Februari 2020. Google ilianza kuzima API ya zamani ya kusukuma arifa katikati ya 2024. Programu ambazo hazikuwa zimehamishwa zikanyamaza. Mradi wa miezi 18 unajenga programu, unakabidhi, unaondoka, na mwaka wa tatu mlango mmoja unafungwa huko California na hakuna aliyebaki Bunia mwenye nywila ya kuhariri msimbo. Dawa yake si tamu: tumia maktaba chache, zile zilizokomaa na zisizobadilika sana, na umlipe mtu wa Bunia, hata kwa siku mbili kwa mwezi, kazi yake iwe kuisoma barua pepe ya makampuni haya. Kongo tayari inakusanya takwimu za afya kwa DHIS2, mfumo wa Chuo Kikuu cha Oslo wenye API yake, sehemu yake ya kuunganisha lango la SMS, na programu ya Android inayoweza kufanya kazi bila mtandao. Ningejiegemeza hapo kabla ya kufikiria kujenga mfumo mpya wenye nembo mpya.

Limebaki jambo ambalo ningeliweka juu ya yote kama ningekuwa ndiye ninayekagua msimbo huo. Djugu imekuwa vitani tangu mwisho wa 2017, na Ituri imekuwa chini ya utawala wa dharura wa kijeshi tangu Mei 2021. Namba ya simu iliyotuma habari, pamoja na saa na jina la kijiji, inaweza kumponza mtu. Waendeshaji wa Voix des Kivus walilijua hilo na walitoa taarifa za aina mbili, moja ikiwa na majina ya vijiji kwa wachache na nyingine isiyo nayo. Maktaba za arifa hazina tahadhari kama hiyo. Zikiwashwa katika hali ya kutafuta makosa, nyingi huandika kila kitu kwenye faili la kumbukumbu: anwani, ufunguo wa siri, namba ya mpokeaji, maneno yote ya ujumbe. Faili hilo hukaa kwenye seva ya kukodi, mara nyingi nje ya Kongo, kwa muda ambao hakuna aliyeupanga. Mtengenezaji aliwasha hali hiyo siku ya majaribio kwa sababu kitu kilikataa kufanya kazi. Kilipokubali, alifurahi, akaenda nyumbani, na faili linaendelea kuandika.